Gari la Mama Brayo Lililokuwa Likigonga

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikishaanza sipendi kukatizwa. Wamenicheka wengi, wengine ni watu ninaokaa nao benchi moja kanisani. Sikasiriki tena. Ningekuwa mimi ndiye ninayesimuliwa, labda ningecheka pia. Lakini mimi nilikuwemo ndani ya gari lile. Niliona kwa macho haya, mchana, jua likiwaka, na sikuwa nimeonja pombe wala dawa yoyote. Usiponiamini, sawa. Haitabadilisha kitu.

Mimi ni fundi wa magari hapa Kisumu. Gereji yangu ni kiwanja kidogo chenye paa la mabati, karibu na zile nyumba za zamani za kanjo, yaani za baraza la mji, za mtaa wa Kaloleni. Kazi yangu hasa ni injini. Dada yangu mkubwa, ambaye kila mtu humwita Mama Brayo kwa jina la mwanawe, anaishi katika moja ya nyumba hizo za kanjo. Yeye ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, na mumewe alipofariki naye, mimi nikawa ndiye mwanamume wa kumkimbilia jambo likiharibika.

Alikuwa mwuza samaki. Alfajiri ungemkuta ufukoni Dunga, boti zikiingia, akichagua ngege, wale sato, na kupima omena, wale dagaa wa ziwani. Baadaye angekuwa njiani kwenda soko la Sondu. Kwa miaka samaki wake walisafiri juu ya magari ya watu, wakitupwa huku na huku, wengine wakifika wamepondeka. Mwisho akapata gari lake mwenyewe. Gari dogo jeupe, kuukuu lakini safi, la ile aina yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Alilinunua kwa mtu mmoja kupitia dalali. Aling'oa kiti cha nyuma ili kreti za samaki zipate nafasi, akajifunza kuendesha, akafuzu. Ungemwona Jumapili ya kwanza alivyoliegesha nje ya kanisa! Alishuka polepole, mkoba mkononi, kama bibi harusi.

Na ujue jambo moja kuhusu dada yangu: hajui kumwambia mtu hapana. Hata wendawazimu wa sokoni walikuwa na sahani zao kwake.

Basi, siku moja akaja gerejini uso umekunjamana.

"Owadwa," akaniambia, maana ndivyo Wajaluo tunavyomwita ndugu wa kiume, "hii gari imeanza kunoki. Hebu iskize."

Nikafungua boneti, nikamwambia awashe. Kweli, ilikuwa ikigonga. Sauti nzito, ya chini, ya kitu kinachopiga chuma.

Wacha nikueleze kidogo, ili uelewe ni kwa nini sauti hii ilinishinda. Injini ikigonga, huwa inasema ni wapi pameumia. Ikitikatika juu juu kama cherehani, hizo ni valvu. Ikikereza ukikanyaga mafuta mlimani, hapo ni moto kuwaka kabla ya wakati wake. Ikigonga kwa uzito kutoka chini, beringi zimelika, na usipowahi utanunua injini nyingine. Njia ya kujua ni rahisi. Unashika bisibisi ndefu, ncha unaigusisha kwenye chuma cha injini, mpini unauweka sikioni, na unasikia kila kitu kama daktari. Kisha unachomoa nyaya za plagi, mmoja mmoja. Ukichomoa wa silinda yenye ugonjwa, kugonga kunapungua. Lakini la muhimu kuliko yote ni hili: sauti ya injini hufuata injini. Ukikanyaga mafuta, inaenda mbio nayo.

Hii haikufuata. Nilimwambia dada akanyage, injini ikanguruma, lakini kugonga kukabaki kwa mwendo wake wenyewe. Nilichomoa plagi, hakuna kilichobadilika. Nikaweka bisibisi sikioni, nikaisikia ikija kwa mbali kama kupitia ukuta. Ilipiga mfululizo, kisha ikanyamaza kidogo, kisha ikapiga tena. Unajua mtu akigonga mlango, halafu anatulia kusikiliza kama kuna anayekuja? Ndivyo ilivyokuwa.

Nilibadilisha oili. Nikaangalia maunti zinazoshikilia injini, nikaangalia silensa isije ikawa inapiga chini ya gari. Mwisho niliteremsha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kukagua beringi. Zilikuwa nzima, zinang'aa. Nikabadilisha hata hivyo, kwa sababu ningefanya nini? Nilipoliwasha tena, likagonga vilevile. Dada alikuwa akija kila siku kuuliza, akikaa juu ya tairi kuukuu, akitazama mikono yangu kama ndugu wa mgonjwa anavyomtazama nesi. Wateja wake wa Sondu walikuwa wameanza kununua kwa wengine.

Alasiri moja nilizima injini nikakaa naye chini kupumzika. Injini ilikuwa imezimwa kabisa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Sauti ikaendelea.

Tulitazamana. Gari limekaa kimya, halitikisiki, na ndani yake kuna kitu kinagonga. Mimi niliinuka nikarudi nyuma, nakwambia ukweli. Lakini dada yangu alikuwa amechoka sana siku zile, na mtu aliyechoka hucheka ovyo. Akapiga makofi, akasema kwa sauti ya kumkaribisha mgeni, "Karibu basi! Mbona unagonga hivyo na mlango ni wazi? Ingia!"

Ikanyamaza papo hapo.

Tukacheka sote, mimi kwa woga, yeye kwa furaha. Nikaliwasha. Likanguruma laini, kama gari jipya. Nikakanyaga, nikaachia, nikakanyaga tena. Hakuna kitu. Nikamwambia huenda ni chuma kilichokuwa kinapoa, maana fundi lazima aseme kitu. Kesho yake ilikuwa siku ya soko Sondu. Alinishika mkono akaniambia nimsindikize, tukalijaribu pamoja likiwa limebeba samaki.

Tuliondoka baada ya chakula cha mchana, samaki wakiwa wametolewa ziwani asubuhi hiyohiyo, wamelazwa juu ya barafu. Yeye alikuwa kwenye usukani, mimi kando yake. Mpaka Ahero tulikuwa tukipiga soga. Aliimba nyimbo za kanisa. Tulipoingia barabara ya Katito, mashamba ya mpunga yakiwa kulia na kushoto, nikahisi gari limekuwa zito. Fundi huhisi vitu hivi kiunoni. Gari lilikuwa limeketi nyuma, kama limeongezewa mzigo. Nilitaka kumwambia dada apunguze mwendo, nikaangalie shoksi.

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya mwanamume ikasema nyuma yetu, "Mama, tumefika wapi?"

Ungefanya nini wewe? Mimi nilitazama mbele. Nilitazama lami, nikajiambia sijasikia. Dada yangu ndiye aliyeinua macho kwenye kioo, nami nikaona akiushika usukani kwa mikono miwili. Kisha nikageuka.

Alikuwa amekaa katikati ya kreti, magoti yamekunjwa hadi kidevuni kwa ufinyu wa nafasi. Kijana wa miaka kama thelathini. Alivaa sweta ya buluu kama ya mlinzi wa usiku, na mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine hauna. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa na udongo uliokauka. Hakuwa na macho mekundu, wala kwato, wala mambo mengine mnayosimuliana. Alikuwa mtu tu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Tuko karibu na Katito," dada yangu akajibu.

"Asante kwa kunifungulia," akasema. "Niligonga sana. Yule mwingine hakufungua."

Nikauliza, "Mwingine nani?"

"Aliyekuwa na gari. Nilikuwa navuka barabara natoka kazi, akanigonga. Akaniweka huku nyuma, akaniambia, ndugu nyamaza, nakupeleka hosi. Nikanyamaza. Halafu nikaona tunaenda tu, tunaenda tu. Ndio nikaanza kugonga."

Dada alianza kupunguza mwendo avute kando. Kijana akaruka kwa hofu. "Usisimame, Mama! Yeye pia alisimama mahali kama hapa, hakuna watu."

Basi hatukusimama. Niambie, tungesimamaje? Dada aliendesha machozi yakimtiririka hadi shingoni, bila kuyafuta. Akamuuliza anataka nini kwetu.

"Nyumbani," akasema. "Nipelekeni nyumbani tu. Mama yangu hajui."

"Kwenu ni wapi?"

Akafungua mdomo. Wallahi, sijawahi kuona uso wa mtu ukipotea namna ile. Alifungua mdomo kutaja jina la kwao, na jina halikuwepo. Alijaribu tena, midomo ikichezacheza, akatazama nje dirishani, akatazama mikono yake. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Mbele kidogo."

Tulikwenda mbele kidogo. Tulipita Katito. Kila penye njia ya kuchepuka alikuwa akinyanyua kichwa kutazama, kisha akikitikisa. Si hapa. Alisema kwao kuna mlango wa bati uliopakwa rangi ya kijani, na kisima ambacho maji yake yana chumvi. Basi. Milango ya kijani iko mingapi katika nchi hii?

Unajua sisi watu wa ziwa tulivyo kuhusu nyumbani. Mtu akifia Nairobi au Mombasa, hata watu wakiuza ng'ombe, atarudishwa alale kwao. Mtu ambaye hakurudi hatulii, na waliobaki hawatulii. Sikuhitaji kuelezwa kijana yule alikuwa anaomba nini. Ndiyo maana, tulipoona mabati ya Sondu mbele yetu na watu wengi barabarani, nilijikaza nikamwambia, "Ndugu, sisi mwisho wetu ni hapa. Shuka, uulize wengine."

Hakubisha. Alilia tu, bila sauti, mabega yakitikisika kati ya zile kreti.

Nami nikajua dada yangu atasema nini kabla hajasema. Nilimshika mkono kwa nguvu. Nikamwambia kwa Kijaluo, "Nyaminwa, kik iwach," dada yangu, usiseme. Hakunitazama.

"Usilie," akamwambia. "Mimi nitakupeleka. Hata ikichukua muda gani, nitakupeleka kwenu."

Tulipoegesha sokoni hakukuwa na mtu nyuma. Wanawake walikuja mbio kama kawaida kupokea kreti, wakafungua mlango, wakarudi nyuma wakiziba pua. Samaki wote walikuwa wameoza. Macho yamezama, ngozi inachubuka, na barafu chini yao bado ngumu. Tulimwaga wale samaki shimoni tukarudi Kisumu.

Kesho yake asubuhi nilifanya kile ambacho sikuwa nimefikiria kufanya. Nilikuwa nimetafuta ugonjwa mbele, kwenye injini, kwa sababu gari linalogonga tunalifungua mbele. Sauti hupita kwenye bodi yote, unaweza kuisikia mbele na kumbe iko nyuma. Nilifungua ule mlango wa nyuma, nikabandua kitambaa cha ndani. Kilikuwa kipya kuliko gari lenyewe, na gundi yake ilikuwa ya juzijuzi. Chini yake, bati lilikuwa limebonyea kutoka ndani kwenda nje, mahali pengi pengi, kila pahali ukubwa wa ngumi. Niliweka ngumi yangu pale. Iliingia sawasawa.

Nilimwita dada akaona. Alipapasa yale mabonyeo moja baada ya jingine, kama anayepapasa mgongo wa mtoto.

Tulienda polisi. Afisa alikuwa mtu mzuri, alitusikiliza. Akauliza, marehemu anaitwa nani? Mwili uko wapi? Nani aliona? Tulikuwa na bati lililobonyea. Yule aliyemwuzia dada gari simu yake haikupatikana tena, na dalali akasema alimfahamu kwa jina la utani tu. Pasta wetu alikuja, akaliombea gari huku ameweka mkono juu ya boneti, akasema limefunguliwa vifungo vyake. Na kweli, tangu siku ile halikugonga tena, wala hatukumwona tena yule kijana. Ungedhani yameisha.

Lakini dada alikuwa ameahidi. Aliacha samaki. Kila alipopata mafuta ya gari alielekea upande wa Katito na Nyakach, akisimama kila senta ya maduka, akiuliza: kuna kijana wa hapa, mlinzi, aliyepotea? Kwao mlango wa kijani, maji ya chumvi?

Nilienda naye mara kadhaa. Mimi nilidhani hatutapata yeyote. Tulipata wengi, na hilo ndilo lililotumaliza. Kila mahali mama fulani alitoka nje, akijifuta mikono kwa leso, akisema, "Labda ni wangu." Mmoja alileta picha ya mtoto wa kiume akiwa na kofia ya mahafali. Mwingine alituletea shati, tulinuse, sijui alitaka tufanye nini nalo. Mzee mmoja alitufuata hadi garini, akapanda akakaa pale nyuma kwenye bati, akaita jina la mwanawe mpaka tukalazimika kumteremsha kwa kumbembeleza. Hakuna aliyekuwa wake. Au labda alikuwa wa mmoja wao, na sisi tukampita. Ni nani angejua?

Mwisho pasta na mimi na dada mwenyewe tulikubaliana: gari likatwe, liuzwe vyuma. Dada alikubali kwa hiari, amechoka, amekonda. Nililikata mimi. Hakuna kilichotokea, hakuna aliyelia ndani yake. Usiku ule nililala usingizi mzuri, wa kwanza kwa muda mrefu.

Wiki haikupita. Jioni moja, Brayo akiwa amerudi kutoka shuleni kwa likizo, akanipigia simu. Nilikuta dada amekaa kwenye kochi lake, sebuleni kwake, amevaa viatu, mkoba mapajani.

"Umekuja, owadwa," akasema kwa furaha. "Waage hawa watu twende. Wametukaribisha vizuri, lakini giza litatukuta."

"Mama, hii ndio nyumba yetu," Brayo akamwambia.

"Hapana, baba. Hapa tumekuja kutembea tu."

Anajua majina yetu sote. Anajua bei ya omena, anajua nyimbo zake zote za kanisani, anakumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wa ukoo. Kilichotoka kichwani mwake ni kimoja tu. Hospitali kubwa walimpiga picha za kichwa, wakasema hawaoni kitu, wakampa vidonge. Nilimpeleka kijijini, kwenye boma la baba yetu, nikamwonyesha alipozaliwa. Aliwaamkia watu kwa adabu, akanywa chai, kisha akaninong'oneza kwamba tumekaa vya kutosha, twende.

Sasa nakuonya, nawe ufanye upendavyo. Ukinunua gari la mkono wa pili, fungua vitambaa vya milango kabla hujafungua injini. Ukisikia linagonga na fundi haoni kosa, usilitanie, usiliitikie, na ukimwona aliye ndani, usimwahidi kitu. Mpe maji, mpe sala, lakini ahadi usimpe. Najua ni ukatili. Nimeona nyuso za akina mama wale, najua nakuambia nini. Hata hivyo ndivyo ninavyokuambia.

Mimi siwezi tena kukwepa. Jioni zote, nikifunga gereji, naazima gari la rafiki yangu, nampeleka dada. Asipopelekwa, hulia mpaka alfajiri. Anakaa nyuma, mbele hataki. Nikiuliza ni wapi, anachungulia dirishani, anatazama nyumba za watu zikiwasha taa, ananiambia mbele kidogo.

Jana tulipita Ahero. Mafuta yalipobaki ya kurudia tu, nikageuza.